Kukagua klachi ya gari ya spoti ya manyuali iliyotumika: dalili zipi ziaminiwe?

Nkuhungu_Boxer

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua.

Kuna gari mbili zinauzwa hapa Dodoma, Subaru Impreza WRX STI ya gia sita na Toyota 86, pia gia sita. Bodi, injini na karatasi nina watu wa kunisaidia. Klachi ndiyo inanipa shida, kwa sababu kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema ikishikia juu imeisha. Mwingine anasema pedeli ngumu ndiyo dalili. Wa tatu anasema vuta hendibreki, tia gia ya tatu, achia, ikizima ni nzima. Wauzaji wote wawili wanasema klachi ni mpya, na kila mmoja anatoa kama nusu saa ya kuendesha.

Nianzie wapi, niishie wapi, na barabara gani za hapa mjini zinafaa?

---

FundiNzuguni

Mkuu, kabla ya yote tenganisha vitu viwili, maana watu wengi wanavichanganya ndiyo wanapigwa bei.

Kuna klachi *isiyokata* na klachi *isiyoshika*. Isiyokata maana yake umekanyaga pedeli mpaka chini lakini injini bado inaburuza giaboksi: gia zinagoma kuingia, rivasi inalia, gari inataka kujongea. Mara nyingi kosa liko kwenye mafuta ya klachi, masta ya juu (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli), masta ya chini (inayopokea mafuta hayo upande wa giaboksi), au pedeli yenyewe, na hivyo kwa gari nyingi vinafunguliwa bila kushusha giaboksi. Isiyoshika maana yake umeachia pedeli lakini sahani, ile inayounganisha injini na giaboksi, inateleza: injini inapanda mizunguko, gari haiendi nayo. Hapo karibu kila mara giaboksi inashuka. Tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Kwa hiyo kila unachokisikia kwenye mguu jiulize kwanza kiko upande gani.

Sasa kazi. Mpigie muuzaji mapema umwambie asiiwashe gari kabla hujafika. Ukifika gusa boneti na bomba la eksozi. Zikiwa za moto, uliza kwa nini. Klachi baridi na klachi moto zina tabia mbili tofauti, na unazihitaji zote.

Injini ikiwa bado imezimwa, toa kapeti ya dereva. Toa kabisa, usiisogeze tu. Kapeti nene isiyo ya gari hiyo inazuia pedeli isifike mwisho, na gari nzima kabisa itaonekana haikati. Halafu piga magoti, bonyeza pedeli kwa mkono, siyo kwa mguu. Mwanzoni pawe na plei kidogo, kati ya milimita 5 na 15 kwa gari nyingi, ambapo pedeli inakwenda bila uzito kabla haijaanza kusukuma. Mguu hauwezi kuisikia plei hiyo vizuri, kidole kinaisikia.

Pedeli ikikosa plei kabisa, hilo ni kosa zito kuliko linavyoonekana. Kijiti kinachosukuma masta kikirefushwa kupita kiasi, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, na kile kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kikopo hubaki kimezibwa. Gari ikipata moto mafuta yanatanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma rilizi beringi (beringi inayoiachisha klachi), presha pleti (bamba linaloibana sahani) inalegea, sahani inateleza. Asubuhi hutaona kitu. Baada ya dakika ishirini klachi inaungua. Wapo wanaorefusha kijiti hicho ili kuficha masta iliyochoka, kwa hiyo tazama nati yake: ikiwa na alama mpya za spana, mtu ameichezea.

Ukiwa hapo hapo chini washa tochi, angalia masta inapoingia kwenye ukuta wa injini. Palowane au rangi iliyobabuka maana yake sili ya masta inavuja. Kisha nenda kwenye kikopo cha mafuta. Yakiwa rangi ya asali iliyo wazi, sawa. Yakiwa meusi yenye chembe, sili za mpira zinaisha ndani. Kikopo kikiwa kimejazwa mpaka mdomoni na mafuta mapya meupe, huku gari imesimama muda mrefu, uliza yaliyokuwemo yalikwenda wapi.

---

GiaSita_Kisasa

Fundi amemaliza upande wa chini. Mimi naongezea baada ya kuwasha.

Rekebisha kiti kwanza. Mguu wa kushoto ukanyage mpaka mwisho huku goti bado limekunjika kidogo. Ukikaa mbali, unakanyaga robo tatu tu ya safari ya pedeli, halafu unailaumu klachi.

Washa, nyutro, kiyoyozi umezima, madirisha wazi. Sikiliza pedeli ikiwa juu. Halafu weka mguu juu ya pedeli, uzito mdogo tu, kiasi cha kumaliza plei. Halafu kanyaga mpaka chini. Sehemu hizo tatu zinasema vitu vitatu.

Sauti ya kusaga ikianza unapokanyaga na kuzidi kadiri unavyoshuka, ni rilizi beringi. Sauti ikiwepo pedeli ikiwa juu na kupotea pale tu klachi inapokata kabisa, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Hiyo ni ya giaboksi yenyewe, seti mpya ya klachi haitaiondoa. Sauti kama ya ndege, ya juu na ya kukatika katika, ikipotea mara tu unapogusa pedeli kidogo kabla haijakata, hiyo pia ni rilizi beringi: inazunguka bila mzigo na kulia. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ wanajulikana sana kwa mlio huo. Haina maana klachi imeisha, ila siku giaboksi ikishuka inabadilishwa.

Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni uzito wa kidole kwenye pedeli. Usikanyage kwa haraka, utaipita.

Kisha jaribu kukata. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga mpaka chini, hesabu mpaka tano, tia rivasi taratibu. Iingie bila kelele. Ikilia krrr, klachi inaburuza. Gari nyingine rivasi yake ina sinkro (kifaa kinacholinganisha kasi ili gia iingie kimya) na itaficha uburuzaji mdogo, kwa hiyo ongeza hili: sehemu tambarare, gia ya kwanza, pedeli chini, mguu nje ya breki, pandisha mizunguko mpaka kama 2,500. Gari isisogee hata inchi. Kaa hivyo dakika nzima. Masta inayovuja kwa ndani haidondoshi tone nje, lakini shinikizo linapungua polepole na gari itaanza kujongea huku mguu wako haujaachia kitu. Mbele pasiwe na mtu wala ukuta.

---

Makole77

Mbona mnazunguka? Hendibreki, gia ya tatu, achia klachi. Ikizima palepale ni nzima, ikiendelea kunguruma imekufa. Dakika moja.

---

FundiNzuguni

Kaka Makole, jaribio hilo linakamata klachi iliyokwisha kufa tu, ambayo hata ukiendesha mita mia utaijua. Injini ikiwa sailensa inatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ndogo sana, na karibu klachi yoyote itaihimili. Klachi inayoteleza inateleza pale injini inapotoa toki yake kubwa: STI karibu na mizunguko 4,000 turbo ikiwa imejaza, Nissan Fairlady Z33 karibu na 4,800. Hapo ndipo unaposhindana nayo.

Ukisema basi uongeze mafuta huku hendibreki imevutwa, umeanza kuunguza sahani ya mtu. Na kwenye STI hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu, wakati nguvu inagawanywa mbele na nyuma na difu ya katikati. Unailazimisha difu hiyo ibebe mzigo usio wake. Muuzaji anayeijua gari yake atakushusha, na atakuwa na haki.

---

Makole77

Nimekuelewa fundi. Basi eleza hilo la kuteleza barabarani linavyofanyika, maana naona ndiyo kiini.

---

Bahi_Road

Nalichukua hilo.

Unahitaji barabara ndefu, lami kavu, isiyo na matuta wala makazi. Barabara ya Singida kuelekea Bahi ukishayaacha makazi ni tambarare na unaona mbali. Ya Arusha kupita Msalato nayo inafaa. Ya Dar mpaka Mtumba siipendekezi, malori na mabasi ni mengi na utakuwa unatazama geji badala ya barabara. Popote ulipo, penye kibao cha 50 jaribio linasubiri. Beba mtu wa pembeni asome geji, wewe uendeshe.

Gari iwe imepata moto sawasawa. Tia gia ya nne, tembea kwa mwendo wa kutulia, mizunguko kama 2,000, mtu wa pembeni asome mwendo. Kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mara moja na ukae hivyo mpaka 4,500 hivi. Mizunguko na mwendo vinafungwa pamoja na gia: ukiwa 60 kwa 2,000, basi kwa 3,000 lazima uwe 90. Hakuna namna nyingine ndani ya gia ileile. Mizunguko ikiwa 3,000 na mwendo ukasoma 80, sahani inateleza. Ukiwa na kile kisomea injini kinachounganishwa na simu, mwambie mwenzako agawanye mizunguko kwa mwendo kila baada ya muda. Jibu libaki lilelile. Mteleze mdogo, ambao jicho kwenye geji haliuoni, unaonekana kwenye hesabu hiyo.

Kwa nini gia ya nne na siyo ya kwanza? Kwa sababu kwenye gia ya chini gari inakwenda mbele upesi na injini haikai kwenye mzigo mkubwa. Gia ya juu inaibana injini, klachi inabeba toki yote kwa sekunde kadhaa. Na kwenye gia ya chini gari ya kusukuma nyuma kama 86 inaweza kuzungusha matairi kwenye vumbi la pembeni mwa lami, mizunguko ikapanda, ukadhani ni klachi.

Kwa 86 angalia kitu kimoja. Toki yake ya juu, Nm 205, inakuja mizunguko 6,400, na kati ya 3,500 na 4,500 hivi ina bonde, injini inalegea kidogo. Usihukumu klachi ndani ya bonde hilo. Tumia mlima. Miinuko ya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) inasaidia ikiwa hakuna watu: gia ya tatu, mzigo mkubwa, mwendo mdogo. Ila huko kuna wanafunzi wanavuka, siyo mahali pa kufikisha 6,000.

---

Dada_Iyumbu

Kwenye hilo la kuteleza kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wengi hawalihesabu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ukilinganisha na Dar. Maana yake klachi ya 86, Mazda RX-8 au Toyota Altezza inayofaulu jaribio hapa kwa shida inaweza kuteleza ukishuka nayo pwani, kwa sababu kule injini inasukuma zaidi. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo STI haina tofauti kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo kwa gari isiyo na turbo, ukiona hata dalili ndogo ya kuteleza hapa Dodoma, usikubali "ni hali ya hewa". Hali ya hewa ya hapa inaipendelea klachi.

Jambo la pili. Sindano ya mizunguko (RPM) ikining'inia kidogo unapobadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu, siyo lazima iwe klachi. Gari nyingi ambazo pedeli yake ya mafuta inatumia umeme badala ya waya zinaachia taratibu kwa makusudi. Tofautisha hivi: ikining'inia wakati mguu wa klachi uko chini, ni kompyuta. Ikipanda au ikichelewa kushuka *baada* ya kuachia klachi na kurudisha mafuta, ni sahani.

---

Nkuhungu_Boxer

Asanteni sana, nimeanza kupata mwanga. Bado sijapata jibu la lile la kwanza: ikishikia juu, imeisha au haijaisha?

---

FundiNzuguni

Siyo lazima, na hapa ndipo wengi wanapotea.

Imani hiyo ilitoka kwenye gari za klachi ya waya. Kwa waya, sahani ikilika pa kushikia panapanda mpaka juu kabisa, na fundi analegeza waya. Gari zako zote mbili ni za mafuta, na masta ya chini inajirekebisha yenyewe kadiri sahani inavyolika, kwa hiyo pa kushikia hapasogei sana. Kinachobadilika zaidi, kwenye presha pleti ya kusukuma, ni uzito: sahani ikilika vidole vya presha pleti vinakaa vibaya na pedeli inakuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Chukua futi, pima. Achia pedeli taratibu sehemu tambarare bila mafuta mpaka gari inapoanza kusogea, mwenzako apime umbali kutoka sakafuni. Kwa gari nyingi za Toyota, kuanzia klachi inapokata mpaka pedeli inapogota chini panatakiwa pabaki milimita 25 au zaidi. Pakiwa padogo kuliko hapo, klachi inashikia chini mno, na tatizo liko upande wa kukata: hewa kwenye mafuta, masta, au pedeli iliyopinda.

Ikishikia juu sana, rudi kwenye plei. Plei ipo, jaribio la gia ya nne limefaulu, pedeli ni laini? Basi mtu aliipanga hivyo, inarekebishika. Plei haipo? Soma tena nilichoandika juu kuhusu kijiti.

Kisha pampu. Kanyaga mara nne haraka, pima tena pa kushikia. Pakipanda baada ya kupampu na kushuka ukikaa kidogo, kuna hewa ndani au masta haishiki shinikizo. Pasipobadilika kabisa na bado rivasi inalia, acha mafuta, tatizo liko ndani: sahani imepinda, meno yake yamekaukia kwenye shafti, au paileti beringi (beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti hiyo) imeganda. Hapo giaboksi inashuka ingawa sahani bado nene.

Ugumu wa pedeli nao uhukumu kwa gari yenyewe. STI ya gia sita ni nzito kwa asili kuliko 86. Na 86 ina springi kwenye pedeli inayousaidia mguu, kwa hiyo katikati ya safari pedeli inakuwa nyepesi ghafla, kama imepotea. Anayetoka kwenye Subaru anadhani imeharibika. Wengine huitoa springi hiyo kwa makusudi ili waisikie klachi vizuri. Ukikuta 86 yenye pedeli inayopanda kwa uzito ulio sawa tangu juu mpaka chini, uliza kama imetolewa.

---

GiaSita_Kisasa

Kuhusu kutetema, maana hakijasemwa. Gia ya kwanza, tambarare, achia polepole sana na mafuta kidogo. Halafu rudia kwa rivasi ukipanda mlima mdogo, hapo ndipo mtetemo unapojitokeza zaidi. Gari ikidunda dunda mpaka dashibodi inatikisika, sababu ni chache: flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo sahani inabanwa juu yake) ina madoa ya kuungua, oili imefika kwenye sahani, au vishikizo vya injini na giaboksi vimelegea.

Kuvitofautisha: mwambie mtu afungue boneti, avute hendibreki, akanyage breki, atie gia ya kwanza na kugusia klachi kidogo tu mpaka injini ianze kubeba. Wewe simama pembeni, siyo mbele. Injini ikiruka juu kwa kiasi kikubwa, vishikizo. Ikitulia huku gari inatetema, tatizo liko kwenye klachi.

Mtetemo wa asubuhi moja tu, baada ya gari kulala kwenye mvua za Januari au kuoshwa, ukapotea baada ya kuondoka mara mbili tatu, ni kutu nyepesi juu ya flaiwili. Huo uache.

Oili unaitafuta chini, kwenye kitundu kidogo cha chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Weka kidole, nusa. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, huwezi kuikosea, na maana yake sili ya shafti ya giaboksi inavuja. Oili ya injini haina harufu hiyo. Hiyo ni sili ya krenki ya nyuma. Ukikuta vumbi jeusi kavu tu, ni unga wa sahani, kawaida.

Ukiwa hapo chini tazama bolti zinazofunga giaboksi na injini. Vumbi jekundu la Dodoma linaganda kila mahali. Bolti zote zikiwa zimefunikwa sawasawa na muuzaji anasema klachi ilibadilishwa juzi, hayo mawili hayakubaliani.

---

Nkuhungu_Boxer

Muuzaji wa STI ameniambia leo kwamba klachi ni ya "mashindano", imewekwa pamoja na flaiwili nyepesi. Anaitaja kama sifa. Ni sifa kweli?

---

Bahi_Road

Inategemea unataka gari ya nini mkuu.

Klachi ya mashindano mara nyingi sahani yake haina duara kamili la nyuzi, ina vipande vinne au sita vya chuma na seramiki. Inashika toki kubwa, lakini haina katikati: imekata au imeshika. Eneo la pedeli ambalo ungeteleza taratibu kutoka kwenye tuta linakuwa dogo sana. Kwenye foleni ya jioni mjini na matuta ya kila kijiji ukielekea Kondoa, utaichoka, na inakula flaiwili haraka kuliko sahani ya kawaida.

Flaiwili nyepesi utaijua kwa injini kupanda na kushuka mizunguko haraka ikiwa nyutro, na kwa mlio wa kugongana kwa gia, kama njugu kwenye kopo, ambao unapotea ukikanyaga klachi. Mlio huo ni wa kawaida kwa flaiwili hiyo. Shida ni kwamba unafunika sauti za beringi mbovu, kwa hiyo sikiliza mara mbili.

Kinachonipa wasiwasi zaidi siyo klachi. Mtu haweki klachi ya mashindano kwenye injini ya kawaida. Ameiweka kwa sababu ya kwanza ilishindwa, na ilishindwa ama kwa sababu injini imeongezwa nguvu, ama kwa sababu gari ilikuwa inaondolewa kwa kishindo kutoka kusimama. Uliza programu ya injini, turbo, pampu ya mafuta, na mpime kompresheni za silinda zote nne. Sinkro ya gia ya pili na ya tatu uijaribu kwa kubadilisha haraka. Klachi nzuri juu ya giaboksi iliyopigwa haikusaidii kitu.

Na kama kweli ni mpya kabisa: klachi mpya inahitaji kilomita 500 mpaka 800 za kuendesha kwa upole kabla ya kubeba nguvu yote. Jaribio langu la gia ya nne usilifanye juu ya klachi ya juzi, inaweza kuteleza bila kosa lake na ukaiunguza. Hapo omba risiti ya seti na jina la sehemu iliyofungwa, uzungumze na fundi aliyeifunga.

---

Dada_Iyumbu

Kwa wengine watakaousoma uzi huu wakiwa na gari tofauti, machache ambayo yanafahamika kwa kila gari.

Mazda RX-8: kishikio cha pedeli ya klachi hupasuka kwenye maungio. Shika pedeli uitikise kushoto na kulia, kisha mtu akanyage huku wewe unatazama juu kwa tochi. Kishikio kikipinda, safari ya pedeli inapotea na gia ya kwanza na rivasi zinagoma, watu wanashusha giaboksi bure.

Fairlady Z34: masta ya chini imo ndani ya nyumba ya klachi, imeizunguka shafti. Ikivuja pedeli inabaki sakafuni, na lazima giaboksi ishuke. Ile kanuni ya fundi kwamba isiyokata ni gharama ndogo haifanyi kazi kwa gari hii.

Fairlady Z33: flaiwili ya kiwandani ni ya vipande viwili vyenye springi katikati. Ikichoka unasikia mgongano mzito unapozima injini, na mlio wa sailensa unaobadilika ukikanyaga. Haichongwi kama flaiwili ya kipande kimoja.

Mazda Roadster za zamani: masta ya chini kuvuja ni jambo la kawaida. Funua kifuniko chake cha mpira. Pakiwa pamelowana, badilisha. Kazi ndogo.

Zote: zilizotoka mnadani Japani mara nyingine karatasi ya mnada ina maelezo ya mkaguzi kuhusu klachi kuteleza. Tafsiri maandishi yote, usisome daraja peke yake.

---

Nkuhungu_Boxer

Dada umenifungua macho. La mwisho wakuu, baada ya mzunguko wa kwanza nifanye nini? Na bei niijadili vipi?

---

GiaSita_Kisasa

Rudi ulipoanzia, injini ikiwa ya moto, urudie yaleyale: rivasi baada ya kuhesabu tano, dakika moja gia ya kwanza, pa kushikia kwa futi. Kwa joto la Oktoba na Novemba hapa, tofauti kati ya baridi na moto inaonekana vizuri. Pa kushikia pakishuka sana baada ya gari kupata moto, mafuta yamezeeka na yameshika maji, au paipu ya mpira inatanuka, hasa kama inapita karibu na joto la turbo. Harufu ya kuungua ikija baada ya kuondoka mlimani mara moja tu, bila wewe kuchezea pedeli, basi sahani imebaki nyembamba.

---

FundiNzuguni

Bei sasa. Uliza bei za spea kabla hujaenda kukaa na muuzaji, siyo baada.

Ikiwa haikati na umeona ni masta au mafuta, usipunguze bei kwa kukisia. Mwambie abadilishe masta, atoe upepo na kuweka mafuta mapya ya DOT 3 au DOT 4, kisha urudi ujaribu upya. Ikikata vizuri baada ya hapo, umejua. Isipokata, tatizo liko ndani na hesabu inabadilika.

Ikiwa haishiki, hesabu yote: sahani, presha pleti, rilizi beringi, paileti beringi, kuchonga au kubadilisha flaiwili, bolti mpya za flaiwili, na ufundi. Kwa STI hakikisha fundi anaijua presha pleti ya kuvuta. Rilizi beringi yake imejifunga kwenye vidole vya presha pleti, na kabla ya kutenganisha giaboksi lazima ufungue plagi ya pembeni ya nyumba ya klachi na kuvuta kile kishafti cha foku (uma unaoisogeza rilizi beringi). Asiyejua hutumia mtaimbo, foku inavunjika, na pengine nyumba ya giaboksi nayo.

---

Nkuhungu_Boxer

Sili ya krenki ya nyuma niiweke kwenye hesabu hata kama haivuji?

---

FundiNzuguni

Iweke. Sili ni ya bei ndogo na iko nyuma ya flaiwili, ambayo siku hiyo itakuwa imeshafunguliwa. Ikija kuvuja baada ya miezi sita, inalowesha sahani mpya na unashusha giaboksi mara ya pili. Ila fundi asiigongelee ndani kupita ilipokuwa ya zamani. Apime kina chake kabla ya kuitoa, aipake oili kidogo mdomoni, aisukume sawa pande zote.